Fosfeti Iliyomo na Fosfeti Inayoyeyuka

Mfuko wa mbolea ya TSP wa kilo 50 umeandikwa 46. Mfuko wa DAP umeandikwa 18-46-0. Fosfeti ya mwamba ya Minjingu, ile ya unga iliyozoeleka madukani kabla ya kuja ya chenga, ina kati ya 28 na 30 kwa kipimo hichohicho. Mkulima anayejua hesabu atasema: mifuko miwili ya Minjingu inauzidi mfuko mmoja wa TSP, na ni ya nyumbani, basi nichukue hiyo. Akiwa Mbinga au Njombe huenda akavuna vizuri. Akiwa kwenye tambarare za Manyara, karibu kabisa na mgodi wenyewe, mahindi yake yanaweza kuota na majani yenye rangi ya zambarau, dalili ya njaa ya fosforasi, juu ya udongo uliomwagiwa fosforasi kwa kilo nyingi.

Hakuna aliyemdanganya. Namba hizo za fosfeti zinahesabu, kwa asilimia, fosforasi kwa jina la oksaidi yake, P2O5, kwa desturi ya zamani ya wakemia. Ukitaka fosforasi yenyewe unazidisha kwa 0.44. Mfuko wa TSP wenye kilo 23 za P2O5 una kilo 10 hivi za fosforasi. Tani moja ya punje za mahindi huondoka shambani na kilo 3 hivi, kwa hiyo mfuko mmoja, kama mmea ungeupata wote, ungetosha zaidi ya tani tatu za mavuno. Tofauti iko hapa: kwenye TSP na DAP, sehemu kubwa sana ya fosfeti inayotajwa huyeyuka majini. Kwenye mwamba, namba inataja kila kilichomo, kiyeyuke kisiyeyuke. Mzizi haunyonyi jiwe. Unanyonya ioni za fosfeti zilizo ndani ya maji ya udongo, basi.

Kwa miongo kadhaa mjadala wa Minjingu umeendeshwa Tanzania kama kesi mahakamani, upande mmoja ukisema mbolea hii inafaa, mwingine ukisema haifai. Naamini swali liliwekwa vibaya tangu mwanzo, na wakulima ndio waliolipa gharama yake. Fosfeti ya kalsiamu haina jibu moja. Ina maumbo mengi, na kila umbo lina udongo unaoliyeyusha na udongo unaoliacha lilivyo.

Tuanze na maumbo hayo. Tindikali ya fosforiki ina hidrojeni tatu zinazoweza kung'oka na nafasi zake kuchukuliwa na metali. Kalsiamu ikichukua nafasi moja tu kwa kila fosfeti, tunapata monokalsiamu fosfeti, ambayo ndiyo kiini cha TSP. Katika nyuzi joto 25, lita moja ya maji huweza kuyeyusha karibu gramu 18 za chumvi hiyo. Nafasi ya pili ikichukuliwa, inakuwa daikalsiamu fosfeti, na umumunyifu unaporomoka hadi chini ya gramu 0.1 kwa lita. Ikiondoka hidrojeni ya tatu, tunaingia kwenye trikalsiamu fosfeti na hatimaye apataiti, fuwele iliyojipanga kwa uthabiti kuliko zote. Apataiti yenye haidroksili, ile ya mifupa na meno, huyeyuka kiasi cha gramu 0.0003 kwa lita. Ile yenye florini huyeyuka pungufu ya hapo, gramu 0.0002 hivi. Kuyeyusha gramu moja tu ya apataiti ya mifupa kwa maji matupu kunahitaji zaidi ya lita 3,000.

Kati ya ncha hizo mbili kuna tofauti ya mara elfu sitini na zaidi, na vitu vyote viwili vinaitwa kwa haki kabisa fosfeti ya kalsiamu. Anayesema “fosfeti ya kalsiamu haiyeyuki” na anayesema “inayeyuka” wanaweza kuwa wakweli wote wawili. Kanuni iliyo nyuma ya orodha hiyo ni rahisi kukumbuka: kadiri fosfeti inavyobaki na hidrojeni nyingi, ndivyo inavyoshikwa na kalsiamu kidogo, na ndivyo inavyoachia majini kwa urahisi. Hidrojeni hizo hutolewa na tindikali. Kwa hiyo historia nzima ya mbolea ya fosfeti ni historia ya kutafuta tindikali na kuamua nani aigharamie, kiwanda au udongo.

Justus von Liebig, mkemia wa Ujerumani, alipendekeza mwaka 1840 kwamba mifupa itibiwe kwa tindikali ya salfuriki kabla ya kumwagwa shambani. Miaka miwili baadaye, 1842, Mwingereza John Bennet Lawes wa Rothamsted alichukua hataza ya njia hiyo, na mwaka 1843 akaanzisha kiwanda Deptford, London. Tindikali iliipa fosfeti hidrojeni zake, ikaibadilisha apataiti kuwa monokalsiamu fosfeti, na kalsiamu iliyobaki ikatoka kama jasi. Hiyo ndiyo superfosfeti. TSP ilikuja kwa kutumia tindikali ya fosforiki badala ya ya salfuriki, na jasi haimo, ndiyo maana namba yake ni kubwa zaidi. DAP imeikwepa kalsiamu kabisa kwa kuifunga fosfeti na amonia, lakini nayo ikishafika kwenye udongo wenye chokaa nyingi, fosfeti yake hurudi mikononi mwa kalsiamu.

Tanzania ilikuwa na tindikali yake. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilianza kazi mwaka 1972, na mgodi wa Minjingu ulipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikusudiwa kukilisha. Mwamba ungetoka Manyara, ungekutana na tindikali Tanga, ungerudi kwa mkulima ukiwa umeshalainishwa. Uganda nayo ilikuwa na mpango wa aina hiyo Tororo, ambako katika miaka ya 1960 na 1970 apataiti ya vilima vya Sukulu iligeuzwa kuwa superfosfeti. Viwanda vyote viwili vilisimama, cha Tanga kikifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hilo ndilo tukio ambalo mjadala wetu hulisahau. Kiwanda kilipofungwa, kazi ya tindikali haikufutika, ilihamishiwa shambani. Mwamba ukaanza kusagwa na kuuzwa ulivyo, na tangu hapo kila udongo wa nchi hii ukatakiwa uwe kiwanda cha Tanga. Baadhi ya udongo wetu unaiweza kazi hiyo. Mwingine hauwezi, hata ukipewa miaka kumi.

Kwamba jambo hilo liliwezekana hata kidogo ni kwa sababu ya asili ya Minjingu. Mgodi uko kando ya barabara ya Arusha kwenda Babati, kati ya Ziwa Manyara na Tarangire. Ziwa lilipokuwa kubwa kuliko lilivyo leo, makundi ya ndege walao samaki, hasa minandi, yaliishi hapo vizazi kwa vizazi, yakiacha kinyesi, mifupa yao wenyewe na mifupa ya samaki waliowala. Yote hayo yakalundikana na kugeuka mwamba. Akiba hiyo iligunduliwa mwaka 1956 wakati wa upimaji wa mionzi kutoka angani. Fuwele ya apataiti ina tabia ya kupokea urani kwenye viti vya kalsiamu, na mionzi ya urani hiyo ndiyo iliyowaonyesha wapimaji mahali pa kushuka. Ni sababu pia ya kutaka vumbi la mwamba huu lisivutwe ovyo na wanaolichimba, wanaolisaga na wanaolimwaga kwa mikono.

Apataiti iliyotokana na viumbe si safi, na ukosefu huo wa usafi ndio thamani yake. Ndani ya fuwele, sehemu ya fosfeti imeachia nafasi kaboneti. Kaboneti ina umbo bapa na chaji tofauti, kwa hiyo inakaa pale kama tofali lisilo la kipimo ndani ya ukuta: ukuta umesimama, lakini una nyufa ndogondogo ambazo tindikali hafifu inapenya. Kadiri kaboneti inavyokuwa nyingi, ndivyo fuwele zinavyokuwa ndogo na ndivyo mwamba unavyoyeyuka upesi zaidi. Linganisha na apataiti ya Panda Hill, Mbeya, au ya Sukulu, Uganda, au ya Matongo, Burundi. Hizo zilizaliwa kwenye miamba ya moto kutoka chini ya ardhi, fuwele zake ni kubwa na zimejipanga barabara. Ukizisaga na kuzimwaga shambani zilivyo, mkulima hapati chochote cha kuonekana. Asilimia ya P2O5 inaweza kuwa ileile au kubwa zaidi, na bado isisaidie.

Maabara ina njia ya kutofautisha. Sampuli hupimwa fosfeti yote kwa tindikali kali, kisha hupimwa upya kwa kimiminika dhaifu kama amonia sitreti au tindikali ya sitriki ya asilimia 2, ambavyo huiga kwa mbali kile mizizi inachotoa. Fosfeti inayotoka kwenye kimiminika dhaifu ndiyo yenye matumaini ya kufika kwenye mmea msimu huu au ujao. Kwa Minjingu ni sehemu ndogo ya jumla, lakini inatosha kuuweka mwamba huo miongoni mwa ile inayofaa kutumika moja kwa moja, jambo ambalo haliwezi kusemwa kwa Panda.

Sasa tuje kwenye udongo. Apataiti inapoyeyuka, hutoa kalsiamu na fosfeti, na hula tindikali ya udongo ikifanya hivyo. Ili kazi iendelee mambo matatu lazima yawepo: tindikali ya kutosha, unyevu, na kitu cha kuondoa kalsiamu na fosfeti zilizokwisha kutoka, maana zikirundikana kando ya chembe ya mwamba, uyeyukaji husimama. Kwa kawaida huhitajika pH iliyo chini ya 5.5 na udongo wenye kalsiamu kidogo. Udongo wa namna hiyo umejaa sehemu za Ruvuma, Njombe, Rukwa, Kigoma na Kagera, na ng'ambo ya mpaka Magharibi mwa Kenya, ambako mvua ya karne nyingi imesomba kalsiamu na kuacha alumini na chuma. Majaribio ya huko na yale ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo yameonyesha mara kwa mara kwamba Minjingu ikitumika kwenye udongo wenye uchachu inaikaribia TSP, hasa ukihesabu misimu kadhaa badala ya mmoja.

Kwenye tambarare zinazouzunguka mgodi hali ni kinyume. Udongo mwingi wa Bonde la Ufa una pH ya 7 na kupanda, na kalsiamu imo tele tangu kale. Chembe ya apataiti ikiwekwa hapo haina sababu ya kuyeyuka. Imezungukwa na kilekile inachotakiwa kukitoa. Mwamba ulibaki pale Minjingu bila kusombwa kwa sababu hiyohiyo, mazingira yake hayauyeyushi. Nimewahi kusikia watu wakisema kwa uchungu kwamba mbolea ya Manyara haimfai mtu wa Manyara, kana kwamba kuna hila. Hakuna hila. Ni kemia, na ilipaswa kuelezwa kwa lugha wanayoielewa wanunuzi kabla ya mfuko wa kwanza kupakiwa kwenye lori.

Kuna kosa jingine linalotokana na kutojua umbo. Mkulima mwenye udongo wenye uchachu huambiwa amwage chokaa, na ushauri huo ni sahihi. Huambiwa pia atumie fosfeti ya mwamba, na ushauri huo nao ni sahihi. Akizichanganya zote mbili msimu mmoja, kila moja inaiharibu nyingine: chokaa inapandisha pH na kuongeza kalsiamu, na mwamba unakosa vyote vilivyokuwa viuyeyushe. Mwenye kupanga kumwaga chokaa na anunue TSP. Mwenye kuchagua mwamba na auachie tindikali yake ifanye kazi kwanza. Hili ni jambo dogo la kusema na nimeliona likikosekana kwenye maelezo mengi ya ugani.

Kipimo kile cha 5.5 kinatokea pia mahali ambapo watu hawafikirii mbolea kabisa: mdomoni. Gamba la jino ni apataiti ya haidroksili, na mate yakishuka chini ya pH 5.5 hivi, jino huanza kuyeyuka. Florini ikiingia kwenye fuwele, mpaka huo hushuka hadi karibu 4.5, ndiyo maana dawa ya meno huwekwa floraidi. Lakini katika vijiji vya Arusha na Manyara, ambako maji ya kunywa yana floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, watoto hukua na meno ya kahawia, na wengine huishia na mifupa iliyopinda. Tiba inayotumika Ngurdoto, Arusha, na kwa vichujio vya Nakuru, Kenya, ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa hiyo iliyochomwa kwa joto la kadiri ni apataiti ileile, na inaposhika floraidi kutoka majini inaachia haidroksili yake. Inafanya hivyo kwa sababu umbo lenye florini halipendi kuyeyuka tena. Sifa inayoifanya Minjingu kuwa mbolea ya polepole ndiyo inayoufanya mfupa kuwa kichujio. Ni umumunyifu uleule, huku mzigo, kule msaada.

Isije ikaonekana kwamba fosfeti inayoyeyuka haraka imemaliza matatizo. Chimbua punje ya TSP wiki chache baada ya kupanda, utaikuta bado ipo, ganda la kijivu linalopondeka kwa kucha. Kilichotokea kinastahili kufuatwa kwa karibu. Unyevu uliingia ndani ya punje, monokalsiamu fosfeti ikayeyuka na kugawanyika: sehemu ikabaki palepale kama daikalsiamu fosfeti, ndilo ganda lile, na sehemu ikatoka nje ikiwa kimiminika kikali chenye pH ya karibu 1.5. Kimiminika hicho kinapopenya kwenye udongo mwekundu kinayeyusha alumini na chuma ambavyo kimekutana navyo, na vitu hivyo vikishakuwa huru vinaikamata fosfeti iliyovifungua. Milimita chache kutoka kwenye punje, fosfeti iliyoagizwa kwa dola imeshageuka kuwa fosfeti ya alumini au ya chuma, ambayo kwenye udongo wenye uchachu nayo haiyeyuki kwa urahisi. Mmea wa msimu wa kwanza mara nyingi hupata asilimia 10 hadi 20 tu ya kilichowekwa.

Ndiyo maana mbolea ya kupandia huwekwa kwenye shimo, chini kidogo ya mbegu na kando yake, wala hainyunyizwi shamba zima. Fosfeti haisafiri, mzizi ndio unaoifuata. Kwa mwamba ni kinyume: unatakiwa usagwe laini, utawanywe na uchanganywe na udongo mwingi iwezekanavyo, ili kila chembe ikutane na tindikali. Wakulima waliopewa Minjingu kama mbadala wa DAP, wakaiweka shimoni kama walivyozoea kuiweka DAP, waliinyima hata ile nafasi iliyokuwa nayo. Kuifanya chenga kulipunguza vumbi na kurahisisha uwekaji, na aina ya Minjingu Mazao iliyoongezewa naitrojeni, salfa na zinki imeziba mapengo ya kweli. Lakini kwa upande wa fosfeti, chenga ina eneo dogo la kugusana na udongo kuliko unga, na hilo halibadilishwi na jina jipya.

Mimea yenyewe haikai ikisubiri. Mimea ya jamii ya kunde inayojitengenezea naitrojeni huongeza uchachu kuzunguka mizizi yake, na kuvu wanaoishi kwenye mizizi huipelekea mimea fosfeti kutoka mbali kidogo. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni mbaazi. Mwaka 1990 watafiti waliokuwa kwenye taasisi ya utafiti wa mazao ya ICRISAT, India, walieleza kwamba mizizi ya mbaazi hutoa tindikali inayokishika chuma na kuiachia fosfeti iliyokuwa imefungwa nacho. Babati na Kondoa, ambako mbaazi hupandwa pamoja na mahindi kizazi hadi kizazi, mazao hayo yamekuwa yakifungua akiba ambayo hakuna mfuko ulioihesabu. Majani yake yakidondoka na kuoza, sehemu ya fosfeti hiyo huyafikia mahindi ya msimu unaofuata.

Kwenye mpango wa vocha za ruzuku ulioanza mwaka 2008, mkulima angeweza kupata DAP au Minjingu kama mbolea ya kupandia. Hoja za kuipa Minjingu nafasi zilikuwa nzito: ajira, fedha za kigeni, kutotegemea meli. Bei ya DAP ilipopita shilingi laki moja kwa mfuko mwaka 2022, wale waliozitoa hoja hizo walionekana kuwa waliona mbali, na mimi naziunga mkono. Kilichokosekana ni ramani. Bidhaa ambayo ufanisi wake unategemea pH iligawiwa kwa mipaka ya mikoa na wilaya, ambayo pH haiijui. Mkulima wa eneo lenye alikali aliyeona mahindi yake yamedumaa hakuhitaji kushawishiwa na mtu yeyote. Aliikataa, akawaambia majirani, na jina likaharibika hata kule ambako mwamba ungeyeyuka.

Umoja wa Ulaya huwataka watengenezaji wa mbolea za fosfeti waandike kwenye mfuko ni kiasi gani kinayeyuka majini na kiasi gani kwenye sitreti. Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania ina uwezo wa kudai jambo hilohilo, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka: fosfeti yote, inayoyeyuka majini, inayoyeyuka kwenye tindikali hafifu, na pH ya udongo inakofaa. Ramani za pH ya udongo wa Afrika zipo, za shirika la iSDA zikiwa na vipande vya mita 30 kwa 30, na hazilipiwi. Tangu 2022 ruzuku ya mbolea imekuwa ikitolewa kwa mfumo wa kidijitali wenye kumbukumbu za mkulima na shamba lake. Kuziunganisha kumbukumbu hizo na ramani hizo, ili mtu wa Mbozi mwenye pH 5 aelekezwe kwenye mwamba na mtu wa Babati mwenye pH 7.5 aelekezwe kwenye TSP au DAP, ni kazi ya wataalamu wachache wa takwimu na maabara chache za kuhakiki vipimo, na inaweza kuanza kabla ya msimu ujao wa kupanda.